Umeme wa bei ya usiku: piga hesabu kwanza, kusaini baadaye

Mi niliingia kwenye huu mpango kichwa kichwa. Niliona bei ya usiku imeshuka sana, yaani zaidi kidogo ya nusu ya bei niliyokuwa nalipa, nikasema hapa ndo pa kuokoa hela, nikajaza fomu siku ileile, wakaja kubadilisha mita, bili ya mwezi wa kwanza ikapanda. Sio kupungua jamani, kupanda. Nikajua tu wamekosea kusoma, nikaenda kuangalia mwenyewe, kumbe mita iko sawa kabisa, aliyekosea kusoma ni mimi, maana ile karatasi ya bei nilisoma mstari wa usiku nikaishia hapo, mstari wa mchana sikuutazama hata.

Kwa hiyo kama umeletewa huo mpango au unaufikiria, ngoja nikueleze namna ya kujua kama nyumba yako inaufaa au la, na unaweza kujua kabla hujasaini kitu chochote, unahitaji tochi, kalamu na wiki moja.

Kwanza ni kitu gani. Kwenye bei ya kawaida kila yuniti ni bei moja, uwashe pasi mchana au saa nane za usiku ni ileile. Kwenye mpango wa bei mbili siku inakatwa vipande, kuna saa ambazo watu wote wanatumia umeme kwa pamoja na hizo zinauzwa ghali, na kuna saa ambazo matumizi yako chini na hizo zinauzwa rahisi. Sababu ni kwamba umeme kuuhifadhi kwa wingi ni gharama, kwa sehemu kubwa unaozalishwa sasa hivi ndo unaotumika sasa hivi, na mitambo mingine kama ya nyuklia au ya makaa ya mawe huwezi kuizima na kuiwasha kama taa ya chumbani, usiku watu wamelala lakini mtambo bado unazunguka. Mwenye mtambo anaona bora auze kwa bei ya chini kuliko asiuze. Uingereza wana mpango wao unaitwa Economy 7 tangu 1978, hiyo 7 ni masaa saba ya usiku ya bei rahisi, na watu wengi waliuchukua kwa sababu ya zile hita za matofali, yaani tofali zito linapashwa joto usiku kucha halafu linaachia joto taratibu mchana. Hebu lishike hilo la tofali kichwani maana tutalirudia, ndo siri yenyewe ya mpango huu.

Ila usikariri kwamba bei rahisi lazima iwe usiku. Sehemu zenye sola nyingi mambo yamegeuka, jua likiwa kali mchana umeme unakuwa mwingi kupita kiasi, kwa hiyo kuna maeneo ya Australia bei ya chini iko katikati ya mchana, na Ufaransa mwaka 2025 wameanza kuhamisha baadhi ya saa zao za bei nafuu kutoka usiku kwenda mchana. Mimi hapa nitasema usiku usiku kwa sababu ndo wengi wetu tunavyoujua, lakini we angalia saa zilizoandikwa kwenye karatasi yako, na kama bei ni tatu badala ya mbili, yaani kuna bei ya chini, ya kati na ya kilele, basi ile ya kilele ndo ya kuiogopa, mara nyingi ni jioni watu wakirudi nyumbani, wanapika, wanaoga, taa zote zinawaka.

Bei ya kuangalia kwanza ni ya mchana

Hapa ndo nilipoanguka mimi. Ukihamia bei mbili, yuniti ya mchana karibu kila mara inapanda juu ya ile uliyokuwa unalipa. Yaani kila unachotumia mchana unapata hasara kidogo, kila unachotumia usiku unapata faida, swali ni faida imezidi hasara au la.

Kuna hesabu moja fupi sana. Chukua bei ya mchana toa bei yako ya sasa. Weka pembeni. Chukua bei ya mchana toa bei ya usiku. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Unachopata ni sehemu ya umeme wako ambayo lazima itumike usiku ili angalau usipate hasara, na huo ndo nauita mstari wa kuvuka.

Tuseme bei yako ya sasa tunaiita 100, sio hela ya nchi yoyote ni namba tu. Mpango mpya unasema mchana 120 na usiku 60. Mchana toa sasa ni 20. Mchana toa usiku ni 60. Ishirini gawa kwa sitini ni theluthi moja. Basi. Kama unatumia yuniti 300 kwa mwezi, 100 lazima ziwe za usiku, na hapo ndo unakuwa umelipa sawasawa na zamani, hujaokoa hata senti, umejisumbua tu. Ukiwa na yuniti 60 tu za usiku, yaani moja ya tano, unalipa 32,400 badala ya 30,000, bili imepanda kwa asilimia 8. Ukifikisha nusu kwa nusu unalipa 27,000, imeshuka kwa asilimia 10. Unaona hapo, hata mtu aliyefanikiwa kuhamisha nusu ya matumizi yote ya nyumba, kitu ambacho sio kidogo, anapata asilimia 10. Yule muuzaji aliyekwambia punguzo la asilimia 40 hakudanganya, ila alikuwa anaongelea yuniti za usiku peke yake.

Sasa jaribu na hii nyingine, mchana 110 na usiku 85. Kwa macho inaonekana ya upole, mchana haujapanda sana. Hesabu yake ni 10 gawa kwa 25, asilimia 40, maana yake ni ngumu kufaidika kuliko ile ya kwanza. Na ipo ya aina ya tatu, mchana 130 usiku 40, hesabu ni 30 gawa kwa 90, theluthi moja tena, ileile ya kwanza, lakini hii ni kamari kubwa, ukiwa na moja ya tano tu usiku bili inapanda asilimia 12, ukiwa na nusu inashuka asilimia 15. Kwa hiyo mipango miwili inaweza kuwa na mstari uleule wa kuvuka na bado mmoja ukakuumiza zaidi ukishindwa.

Usisahau na ada ya mwezi. Mita ya bei mbili wakati mwingine inakuja na ada ya kila mwezi iliyo juu kidogo. Kwenye mfano wetu wa kwanza, ada ikiongezeka kwa 900 unahitaji yuniti 15 zaidi za usiku kuifuta, kwa sababu kila yuniti unayoihamisha inakuokolea 60. Kwa hiyo ule mstari unatoka 100 unakuwa 115 kati ya 300, ambayo ni asilimia 38. Kwa nyumba inayotumia umeme kidogo ada kama hiyo peke yake inaweza kuua mpango mzima.

Sasa ujue usiku unatumia kiasi gani

Watu wengi wanasema aah mi usiku natumia sana, taa, tivii, chaji za simu. Usibahatishe. Chukua karatasi. Tuseme saa zako rahisi ni saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, masaa manane. Saa nne usiku nenda ukasome mita, andika. Saa kumi na mbili asubuhi soma tena, andika. Fanya hivyo wiki nzima, na wikiendi iwemo maana wikiendi watu wako nyumbani na matumizi yanabadilika kabisa. Jumla ya za usiku gawa kwa jumla ya wiki nzima. Kama una mita ya kisasa inayotunza matumizi ya kila saa basi umeshapona, unapakua tu au unaingia kwenye akaunti yako unaona, ila kama huna tochi inatosha.

Mi baada ya ile bili niliifanya hii kazi, bora ningeifanya kabla. Wiki ile jumla ilikuwa yuniti 70, za usiku 13. Hiyo ni karibu asilimia 19. Kwa mpango wa 120 na 60 kama ule wa juu, mtu wa asilimia 19 analipa asilimia 9 zaidi kuliko akibaki alipokuwa, na ndo hicho kilichonikuta.

Kwanini ni kidogo hivyo wakati masaa manane ni theluthi ya siku? Kwa sababu tumelala! Friji inajiendesha mchana na usiku, lakini hata yenyewe usiku inapumzika kidogo maana hakuna anayefungua mlango na hewa imepoa. Kitu kinachotumia umeme kwa kiwango kilekile masaa 24 kitakupa theluthi tu usiku na si zaidi. Kwa hiyo nyumba ya kawaida isiyofanya juhudi yoyote huwa iko chini ya theluthi, na ule mstari wa kuvuka mara nyingi uko theluthi au juu. Wanaopanga hizo bei sio wajinga.

Kitu kimoja kizuri nilichojifunza kwenye hizo safari za tochi. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kama 1000 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1000 umetumia yuniti moja. Simama pale na simu uhesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na mwingine. Gawa 3.6 kwa hizo sekunde, unapata kilowati zinazotumika muda huo. Sekunde 3.6 ni kilowati moja, na kilowati moja ikienda saa nzima ndo yuniti moja. Sekunde 36 ni wati 100. Usiku wa kwanza nilisimama pale nyumba nzima imelala, nategemea sekunde 30 hivi, nikakuta kinapepesa kila sekunde na robo hivi, karibu kilowati 3, nikajiuliza nani anatumia kilowati 3 saa hizi watu wote wamelala? Nikaenda breka moja moja. Hita ya maji. Ilikuwa inawashwa na kuzimika yenyewe mchana kutwa na usiku kucha kwa sababu hakuna aliyewahi kuizima, inapasha maji ambayo hakuna mtu anaoga, yanapoa, inapasha tena. (Kama mita yako imeandikwa namba nyingine kwa mfano 1600 au 3200 hiyo 3.6 inabadilika, gawa 3600 kwa hiyo namba upate ya kwako.)

Kinachohamishika na kisichohamishika

Rudi kwenye lile tofali. Nyumba inayofaa bei ya usiku ni nyumba yenye kitu kinachoweza kula umeme usiku na kukutumikia mchana. Tofali la moto, tanki la maji ya moto, betri ya gari, tanki la maji juu ya dari linalojazwa na pampu. Kama huna hata kimoja katika hivyo, nakwambia ukweli, uwezekano mkubwa mpango huu sio wako.

Tanki la maji ya moto ndo mfalme. Kupasha maji kunakula umeme kuliko watu wanavyodhani. Hesabu yake rahisi, zidisha lita kwa nyuzi unazopandisha halafu gawa kwa 860. Lita 100 kutoka nyuzi 20 mpaka 60, hiyo ni 100 mara 40, 4000, gawa kwa 860 unapata kama yuniti 4.65. Hita ya kilowati 3 inaimaliza hiyo kazi kwa saa moja na nusu hivi. Ukiipasha saa kumi alfajiri na tanki limevikwa vizuri, maji yako bado ya moto jioni. Likiwa tanki la zamani halina koti la kuzuia joto basi kuna joto linapotea njiani na wewe ndo unalipia, kwa hiyo kabla hata ya kubadilisha bei ya umeme livike koti kwanza, hiyo ni faida kwenye mpango wowote.

Angalizo, naongelea hita ya tanki. Zile hita za kuogea zinazopasha maji papo hapo yakipita hazihifadhi kitu, unaoga saa ngapi ndo umeme unaliwa saa hiyo, na zinakula sana, kilowati 5 na kuendelea. Kama familia nzima inaoga saa moja asubuhi kwa hita ya papo hapo na bei ya juu imeanza saa kumi na mbili, hapo umeumia.

Gari la umeme ni jibu la haraka. Gari dogo linakula kama yuniti 15 mpaka 20 kwa kilomita 100, sasa mtu wa kilomita 40 kwa siku ana yuniti 6 mpaka 8 kila siku ambazo anaweza kuziingiza zote usiku amelala. Huyo mtu hana haja hata ya kusoma makala yote hii, achukue tu, ila asome bei ya mchana.

Pampu ya maji ya nguvu ya farasi mmoja inavuta kilowati moja hivi, saa moja kwa siku ni yuniti moja, inahamishika kirahisi kama una tanki la juu la kutosha siku nzima. Mashine ya kufulia ni nusu yuniti mpaka moja kwa mzigo na sehemu kubwa ni ya kupasha maji, ukifua kwa maji baridi hata kuihamisha haina maana sana. Mashine ya kuosha vyombo ni yuniti moja hivi. Kiyoyozi cha chumbani, kama mnalala nacho, tayari kiko usiku, hiyo ni faida ya bure hujahamisha chochote, na nyumba za namna hiyo huwa zinashangaa kukuta ziko asilimia 40 bila jasho.

Kisichohamishika, kupika. Usijidanganye utapika saa saba usiku, labda wiki ya kwanza. Taa za LED na tivii na simu havina uzito, taa ya wati 9 masaa sita haifiki hata yuniti 0.06, watu wanahangaika kuzima taa huku hita inawaka. Pasi inahamishika kinadharia, lakini hapo tunaingia kwenye mambo ya watu.

Na mambo ya watu ndo yanaamua. Mimi nilitangaza nyumbani kwamba kunyoosha nguo ni baada ya saa nne usiku. Mke wangu akaniangalia tu. Wanangu walifuata siku nne. Siku ya tano asubuhi nasikia pasi inapiga mvuke saa moja kasoro na nguo za shule ziko mezani, na kusema kweli siwezi kumlaumu mtu, nani ananyoosha nguo saa nne usiku amechoka? Nilichojifunza ni kwamba chochote kinachohitaji mtu akumbuke kila siku kinakufa ndani ya wiki tatu, kwa hiyo ukipiga hesabu zako hesabu tu vile vitakavyofanywa na taima, yaani kile kifaa kinachowasha na kuzima chenyewe kwa saa ulizopanga. Vingine vikitokea ni bonasi. Na kama mchana kuna watu nyumbani, mtoto mchanga, mzee, mtu anafanyia kazi nyumbani, mchana wenu ni mzito na huwezi kuwaambia wakae gizani. Hata anayefanya kazi shifti ya usiku na kulala mchana aangalie vizuri, maana yuko macho wakati umeme ni rahisi lakini yuko kazini, sio nyumbani.

Kuhusu taima, hapa niwe mkali kidogo. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 inavuta ampea 13. Vile vitaima vya kuchomeka kwenye soketi vingi vimeandikwa ampea 10 au vimeandikwa 16 kwa matumaini. Mi niliweka cha namna hiyo, siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki, nimekuta pini moja imebadilika rangi na soketi imeanza kuvimba kama maandazi. Hita ya tanki iwekewe taima yake ya kudumu na fundi, na iwe na breka yake. Na themostati, kile kidude cha kupanga joto la maji, usiishushe sana kwa ubahili, nyuzi 60 ni nzuri, maji ya vuguvugu yanayokaa tankini muda mrefu yanaotesha bakteria.

Halafu usalama wa usiku wenyewe. Mashine ya kukaushia nguo inayopiga moto watu wamelala sio wazo zuri, uchafu wa nyuzi za nguo unashika moto. Baiskeli au pikipiki ya umeme usiichaji kwenye korido mnayopitia kutoka nje, na tumia chaja yake yenyewe. King'amuzi cha moshi kiwepo na kiwe na betri. Na kama una jirani chini yako au ukutani, mashine ya kufulia ikizungusha saa tisa usiku utasikia mlango unagongwa.

Mitego mingine, haraka haraka

Kama bei yako ya sasa inakwenda kwa ngazi, yaani yuniti za mwanzo ni rahisi kwa sababu unatumia kidogo, uliza ukihamia bei mbili unabaki na hiyo ngazi au unaipoteza. Ukiipoteza na wewe unatumia kidogo, hapo ni vigumu bei ya usiku kuifidia. Mpango mwingine unaweka na tozo ya kilele, unalipia ile saa moja uliyovuta umeme mwingi zaidi mwezi mzima, sasa ukiweka hita, pampu na gari vyote vianze saa nne kamili usiku umejitengenezea kilele mwenyewe. Vipangie zamu. Mita za tokeni sio zote zinajua bei mbili, uliza kama mita inabadilishwa na nani analipa. Uliza umefungwa kwa muda gani na kurudi bei ya zamani inawezekana au bei hiyo imeshafutwa kwa wateja wapya. Na saa ya mita, zile za zamani zina saa yao ya ndani ambayo haibadiliki kwenye nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma, na nyingine imepotea kwa dakika kadhaa, kwa hiyo taima yako iache nusu saa pembeni pande zote mbili.

Wenye sola mambo yao ni tofauti kidogo, jua linakata yuniti za mchana zile za ghali, unabaki na za jioni na usiku, kwa hiyo pima baada ya sola sio kabla. Wanaofikiria kununua betri ya kujaza usiku na kutumia mchana wakumbuke betri na inveta vinakula sehemu njiani, ukiingiza 100 unatoa 85 hadi 90. Kwa mfano wetu yuniti ya usiku ya 60 ikitoka kwenye betri imeshakuwa kama 70, tofauti na mchana inabaki 50 hivi, betri ya yuniti 5 inakuokolea 250 kwa siku ukiitumia yote kila siku. Gawa bei ya betri kwa hiyo namba uone ni siku ngapi, halafu angalia waranti inaishia lini. Mara nyingi utaiacha, labda kama umeme unakatika katika kwenu na ungeinunua tu.

Sasa amua. Una asilimia yako ya sasa uliyopima. Ongeza yuniti ambazo taima inaweza kuhamisha, bila kuhesabu nidhamu ya mtu yeyote. Linganisha na ule mstari. Mimi nilipoweka taima ya fundi kwenye hita wiki ikawa yuniti 68 na za usiku 36, asilimia 53, kwa zile namba za mfano ni asilimia 12 chini ya bei ya kawaida. Na jumla ya wiki nayo imepungua yuniti mbili nzima kwa sababu hita haichemshi hewa tena mchana kutwa. Kama baada ya kuongeza bado uko chini ya mstari, acha. Kama umezidi kwa pointi mbili tatu tu, mi ningeacha pia, mgeni mmoja akikaa wiki mbili au mtoto akifunga shule umerudi chini. Ukizidi kwa pointi kumi, chukua.

Na ukichukua, usiku ule wa kwanza usilale. Mita ya bei mbili inaonyesha namba mbili, 1 na 2 au herufi fulani, moja inahesabu mchana na nyingine usiku. Ngoja saa rahisi zianze, washa hita, nenda na tochi uone ni namba ipi inatembea. Kisha angalia bili ya kwanza wameiandika namba hiyo kwenye mstari upi. Kuna jamaa yangu mita yake ilifungwa sawa lakini kwenye bili zilikuwa zimebadilishana, za mchana zimeandikwa usiku na za usiku mchana, na kwa kuwa yeye alikuwa amehamisha karibu kila kitu usiku alilipa bei ya juu miezi minne akidhani bado hajajitahidi vya kutosha.